Saa Nne ya Mama na Saa Nne ya Simu



Wiki iliyopita binti wa jirani yangu hapa Tegeta alinijia barazani na karatasi mkononi. Shikamoo, marahaba, karibu ukae. Hakukaa. "Mjomba," akasema, "hebu nisomee hii, maana hela nimeshatoa na sielewi kitu." Nikavaa miwani. Karatasi ilikuwa na duara kubwa lililokatwa vipande 12, kama chapati inayogombewa na watoto wa ukoo mzima. Ndani ya vipande mlikuwa na vialama, kimoja kama pembe, kingine kama mkia wa nge, na katikati mistari myekundu na ya bluu imepishana kama nyuzi chini ya cherehani. Chini kabisa pameandikwa jina lake, 14 Agosti na mwaka, Dar es Salaam, 04:00. Alichapishiwa kwenye steshenari moja huku kwetu. Kijana wa pale ana programu kwenye simu. Unampa tarehe, saa na mahali ulipozaliwa, anakutolea ramani yako ya nyota.

Nikamuuliza, "Kumbe wewe ulizaliwa alfajiri?"

Akacheka. "Alfajiri wapi, mjomba? Mama anasema saa nne usiku."

Basi. Yule kijana aliambiwa saa nne, akaandika nne. Na simu, ambayo haijui Kiswahili cha saa, ikamzaa upya huyu binti saa kumi alfajiri. Nilimwambia akae, maana maelezo yangekuwa marefu. Na wewe msikilizaji nakuomba ukae. Mimi si mnajimu. Nilikuwa mwalimu wa hesabu mpaka nikastaafu, na kilichonivutia kwenye karatasi ile ni hesabu yake.

Wengi wetu nyota tulizijulia kwenye magazeti na redioni. Sisi wa umri huu tulilelewa na sauti ya Sheikh Yahya Hussein wa Magomeni, Mungu amrehemu, aliyefariki Mei 2011. Alikuwa na jina Afrika Mashariki nzima. Mwaka ukigeuka watu walisubiri atasema nini, wengine kwa imani, wengine kwa ubishi wa kijiweni. Kabla ya uchaguzi wa 2010 alitabiri kwamba mwana-CCM atakayejitokeza kushindana na Rais Kikwete ndani ya chama angekufa ghafla, na nchi nzima ikawa haina habari nyingine. Kwenye kurasa za magazeti tukazijua buruji zote 12 kwa majina ya nyumbani: Kondoo, Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba, Mashuke, Mizani, Nge, Mshale, Mbuzi, Ndoo, Samaki. Wazee waliosoma vitabu vya falaki wanazo kwa Kiarabu: Hamali, Thauri, Jauza, Saratani, na kuendelea mpaka Hutu.

Unaangalia tarehe yako, unakuta wewe ni Simba, unasoma kwamba wiki hii utapata fedha usizozitegemea, unafunga gazeti, fedha huzioni.

Ile nyota ya gazetini inahusu kitu kimoja tu, nacho ni mahali Jua lilipokuwa siku uliyozaliwa. Ukiangalia kutoka duniani, Jua huonekana likisogea mbele ya nyota za mbali na kulizunguka anga kwa mwaka. Watu wa kale waliigawa njia hiyo mafungu 12, kila moja nyuzi 30, na Jua hukaa kila fungu mwezi mmoja hivi. Kwa hiyo aliyezaliwa 14 Agosti ni Simba, awe amezaliwa Tegeta au Tokyo, mchana au usiku. Ramani kamili inataka zaidi. Inataka Mwezi, ambao haukawii: siku mbili na nusu hivi ushahama buruji. Inataka sayari, kila moja na mwendo wake: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii, na Zohali anayechukua miaka 29 na ushei kumaliza mzunguko. Halafu inataka kitu cha tatu, na hicho ndicho kilichoharibika kwenye karatasi ya binti. Inataka kujua ni buruji ipi ilikuwa inachomoza upande wa mashariki dakika ile ulipotoa kilio cha kwanza. Vitabu vya Kiarabu huiita tali'i. Sisi tuseme nyota inayochomoza.

Ili aielewe nilimtoa barazani tukaenda hadi Kibaoni, pembeni ya Barabara ya Bagamoyo. Kama uko maeneo hayo nawe fanya hivi, ila usisimame katikati ya njia, bodaboda hawana habari na unajimu. Ipe Bagamoyo mgongo, uso uelekee mjini. Mkono wako wa kushoto sasa una Kunduchi na bahari. Huko ndiko mashariki. Mkono wa kulia una kilima cha Wazo na kiwanda cha saruji, na nyuma yake Madale. Huko ni magharibi. Sasa ishike ile ramani mbele yako. Ncha ya kushoto ya duara ni upeo wa bahari kule Kunduchi, pale jua linapotokea. Ncha ya kulia ni Wazo, linapozamia. Nusu ya juu ya duara ni anga unayoiona. Nusu ya chini ni ile iliyo chini ya miguu yako, upande wa pili wa dunia. Ndiyo maana mashariki imewekwa kushoto, kinyume na ramani za shuleni: waliobuni mchoro huu waliishi kaskazini, na kwao Jua la mchana siku zote liko kusini, hivyo walichora wakiwa wametazama kusini. Hapa Tegeta mchoro unakubali vizuri mwezi Desemba. Juni Jua la saa sita linapita nyuma ya kisogo chako.

Binti akaigeuza karatasi, akaangalia baharini, akaangalia Wazo. "Kwa hiyo hii ni picha ya anga?" Ndiyo. Ni picha ya anga ya saa moja na mahali pamoja, iliyobanwa ikawa bapa. Mpaka hapo hamna uchawi wala utabiri. Mtaalamu wa anga asiyeamini unajimu hata chembe akipewa tarehe, saa na mahali atakuchorea duara hilo hilo, Zuhura akiwa pale pale.

Sasa ule mzunguko wa kila siku. Dunia ikijizungusha, buruji zote 12 huchomoza baharini moja baada ya nyingine ndani ya saa 24. Gawanya: kila buruji saa mbili. Na hapa ndipo nilipofurahi peke yangu kama mtoto, maana jambo hili nililipigia hesabu usiku kwenye kipande cha karatasi na likakubali.

Saa yetu ya Kiswahili inaanza kuhesabu jua linapochomoza. Saa kumi na mbili asubuhi jua linatoka, saa moja ni saa moja tangu litoke. Wageni huona tunahesabu kinyume. Wao ndio wanaoanza siku usiku wa manane, watu wamelala. Jua likiwa pale upeoni, buruji inayochomoza ni ile ile ambayo Jua limo ndani yake. Haiwezi kuwa nyingine. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa saa 12 asubuhi, nyota yake ya gazetini na nyota yake inayochomoza ni moja. Baada ya hapo, kila saa mbili za Kiswahili unasogea buruji moja mbele. Aliyezaliwa saa 4 asubuhi amesogea mbili. Saa 6 mchana, tatu. Saa 12 jioni, sita, yaani buruji iliyo mkabala. Hakuna programu, hakuna simu. Saa ya bibi yako ni chombo cha falaki.

Si kipimo cha dakika, nikiri. Kinaweza kukosea pale buruji mbili zinapopokezana, maana Jua huenda liko mwanzoni au mwishoni mwa fungu lake. Tena ujanja huu unafaa kwetu kwa sababu tuko karibu na ikweta. Mawio ya Dar es Salaam mwaka mzima hayachezi hata saa nzima, na buruji huchomoza kwa muda unaolingana. Ukiupeleka London unakwama, maana huko Desemba jua linatoka saa mbili asubuhi na Juni linatoka usingizini mwa watu.

Tuurudie mfano wa binti. 14 Agosti, Jua liko Simba. Kutoka saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku ni saa 16, yaani buruji nane. Hesabu kutoka Simba: Mashuke, Mizani, Nge, Mshale, Mbuzi, Ndoo, Samaki, Kondoo. Nyota yake inayochomoza ni Kondoo. Karatasi ya steshenari ilimwandikia Kaa. Kutoka saa kumi alfajiri hadi saa nne usiku ni saa 18, imemhamisha buruji tisa, na nyumba zote 12 zimehama naye.

Nyumba ni nini? Ukishajua nani anachomoza, kwa njia kongwe ya kuhesabu, buruji hiyo yote inakuwa nyumba ya kwanza, inayofuata ya pili, na kuendelea mpaka 12. Wanajimu waligawia kila nyumba shughuli za maisha: ya kwanza mwili na sura, ya pili mali, ya nne kwao na ardhi, ya saba mwenza, ya kumi cheo na kazi, ya 12 maadui wa siri, na kadhalika. Mistari ya rangi pale katikati ni sayari zinazotazamana, kwa wema au kwa shari kutegemea pembe iliyopo kati yao. Yule kijana alikuwa amemwambia binti kwamba Mirihi wake yuko kwenye nyumba ya ndoa, ajihadhari na waume wakali. Mirihi wa saa kumi alfajiri, msikilizaji. Binti alishaanza kumwangalia mchumba wake kwa jicho la pembeni.

Kuna kosa jingine la kwetu ambalo simu haiwezi kulijua. Wazee wa pwani siku yao inaanza jua likizama. Bibi akisema "alizaliwa usiku wa Ijumaa," usiku huo ni ule ambao ofisini unaitwa Alhamisi usiku. Tarehe nzima inaruka. Na cheti cha kuzaliwa cha RITA hakikusaidii, kina tarehe na mahali, saa hakina. Wale wazee wetu waliozaliwa mwaka wa nzige, wakapewa tarehe 1 Januari na karani wa shule, wote hao unajimu utawafanya Mbuzi.

Sasa nataka tuipime ramani hii kwa mtu ambaye saa yake ya kuzaliwa haina ubishi. Nimemtafuta, nikampata: Tanganyika. Mahali, Dar es Salaam, Uwanja wa Taifa kule Temeke, ambao leo tunauita Uwanja wa Uhuru. Tarehe, 9 Desemba 1961. Saa, sita kamili usiku. Taa za uwanja zilizimwa, bendera ya Mwingereza ikashushwa gizani, taa zilipowaka ilikuwa inapepea ya kijani, nyeusi na dhahabu. Usiku huo huo Luteni Alexander Nyirenda alikuwa na mwenge na bendera kileleni Kilimanjaro.

Pigeni hesabu pamoja nami. Desemba 9, Jua liko Mshale. Kutoka saa 12 asubuhi hadi saa 6 usiku ni saa 18, buruji tisa. Ukihesabu tisa kutoka Mshale unafika Mashuke. Kwa hiyo iliyokuwa ikichomoza juu ya Bahari ya Hindi, wakati bendera inapanda, ni Mashuke, masuke ya nafaka. Nchi ya wakulima. Mwezi nao ulikuwa Mshale, mchanga kabisa, haujatimiza hata siku moja, na ulishazama zamani. Usiku ule anga ya Temeke haikuwa na mwezi. Kutoka Mashuke, Mshale ni nyumba ya nne. Jua na Mwezi vyote viwili kwenye nyumba ya ardhi na kwao! Zohali alikuwa Mbuzi. Mshtarii, sayari ya neema, alikuwa Ndoo, yaani nyumba ya sita, nyumba ya kazi na maradhi. Na kaulimbiu ya nchi ilikuwaje? Uhuru na Kazi. Na maadui wa taifa walikuwa nani? Ujinga, umaskini na maradhi.

Nywele zimekusimama? Zangu zilisimama. Nilizima taa nikakaa kidogo.

Halafu ualimu ukanirudia. Kwanza, nchi yoyote inayozaliwa saa sita usiku, Jua lake litakuwa chini kabisa ya duara, kwenye nyumba ya nne au jirani yake, kwa sababu saa sita usiku Jua liko chini ya miguu yetu. Waingereza walikuwa na desturi ya kushusha bendera zao usiku wa manane. Kwa hiyo ile "nyumba ya ardhi" niliyoifurahia imetoka kwenye ratiba ya sherehe iliyopangwa na makarani.

Pili, mapacha. Usiku wa manane wa 10 Desemba 1963 Zanzibar ilipata uhuru chini ya Sultani. Siku mbili baadaye, usiku wa manane wa 12 Desemba 1963, Kenya ikapata wake jijini Nairobi. Hata mgeni rasmi alikuwa yule yule, Prince Philip, mume wa Malkia, alitoka sherehe moja akaenda nyingine. Chora ramani zote mbili. Jua Mshale kote kuwili. Inayochomoza, Mashuke kote kuwili. Zohali na Mshtarii ndani ya siku mbili hawajafanya hata hatua ya kuonekana. Mwezi tu ndio umesogea. Kama ni watoto, hao ni pacha. Sasa tazama: serikali ile ya Zanzibar ilidumu siku 33, tarehe 12 Januari 1964 mapinduzi yakaiondoa na Sultani akakimbia kwa meli. Kenya yenye nyota zile zile haikupinduliwa Januari hiyo, na katiba yake na rais wake wa kwanza vilikwenda njia nyingine kabisa. Ukitaka kujua kwa nini, utaulizia uchaguzi wa Zanzibar wa mwaka 1963, viti na kura zilivyopishana, ardhi na karafuu zilikuwa mikononi mwa nani. Hayo hayamo kwenye duara.

Hoja ya mapacha ni kongwe. Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu aliyekuwa askofu wa Hippo, pwani ya Algeria ya leo, aliwahi kuupenda unajimu ujanani. Kilichomtoa ni habari ya watoto wawili waliozaliwa dakika moja katika nyumba mbili, mmoja mtoto wa bwana, mwingine wa mtumwa. Ramani moja. Mmoja akakua na mali, mwingine akabaki akiwatumikia mabwana zake. Wanajimu nao wana majibu, kwamba nyota huelekeza na hazilazimishi, na mengine kama hayo. Nimeyasikia, sina haja ya kuwadharau. Lakini mwaka 1985 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha jaribio la Mmarekani Shawn Carlson. Wanajimu wazoefu walipewa ramani ya mtu na maelezo ya tabia za watu watatu, wachague yupi ndiye mwenye ramani. Walipatia kama ambavyo ungepatia wewe kwa kufumba macho na kunyoosha kidole.

Hapa lazima niseme neno kuhusu majirani wengine wa elimu hii, maana msikilizaji anaweza kusema, "Lakini mimi nilipokwenda kwa mtaalamu hakuniuliza saa wala tarehe." Kweli, hakukuuliza. Alikuuliza jina lako na jina la mama yako. Hiyo ni hesabu ya abjadi. Kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake: alifu moja, be mbili, ye 10, lamu 30, mimu 40, ain 70, re 200. Mtu anaitwa Ali, mama yake Maryamu. Ali ni 70 na 30 na 10, jumla 110. Maryamu ni 40 na 200 na 10 na 40, jumla 290. Pamoja ni 400. Unagawa kwa 12, kinabaki nne. Ya nne ni Saratani, basi Ali huyu ni Kaa. Ali mwingine wa nyumba ya pili ambaye mama yake ni Fatuma, 135, jumla yake ni 245, kinabaki tano, yeye ni Simba. Ni njia ya watu wasio na saa ukutani, nami naiheshimu kwa hilo. Kwa nini mama na si baba? Watu wazima mnajua kwa nini. Nenda Kisutu kwa Wahindu, mchumba akitafutwa kundali, yaani ramani ya nyota ya kuzaliwa, hutazamwa, na hao huanza kuhesabu buruji kutoka kwenye nyota zenyewe zilizoko angani, wakati hesabu ya magazeti inaanzia pale Jua linapovuka ikweta mwezi Machi. Vianzio hivyo viwili leo vimepishana nyuzi 24 hivi. Kondoo wa gazetini, Kisutu mara nyingi anakuwa Samaki. Kwa hiyo mkazi mmoja wa Tegeta anaweza kuwa Simba asubuhi kwa gazeti, Kaa mchana kwa Kisutu, na jioni kwa abjadi akawa Mizani.

Masheikh na wachungaji wetu wanakataza kuiamini hukumu ya nyota, na kila mmoja anajua mahali pa kumuuliza wa kwake. Ila masheikh hao hao hawaikatazi hesabu ya anga. Bila hiyo huzijui nyakati za swala wala upande wa kibla. Wavuvi wa Kunduchi hawatupi nyavu bila kujua Mwezi una umri gani: mwandamo na mbalamwezi huleta bamvua, maji yanajaa na kutoka kwa nguvu, katikati ni maji mafu. Na Kilimia, kile kifungu cha nyota ndogo kilichopewa jina la kulima, kimekaa ndani ya kundi la Ng'ombe. Mababu walikitazama wajue mvua iko wapi. Anga hufanya kazi hapa Tegeta kila siku.

Mwaka 1029, huko Ghazna, mwanazuoni Al-Biruni aliandika kitabu cha kufundisha misingi ya mambo haya, swali kwa jibu, kwa ajili ya mwanamke aitwaye Rayhana binti Al-Hasan. Alianza na jometri. Akaja hesabu. Akaja anga, sayari na mienendo yake. Hukumu za nyota akaziweka mwisho kabisa, na hakuwa mtu wa kuziamini sana. Mpangilio huo naupenda. Steshenari zetu zinaanzia mwisho wa kitabu.

Binti nilimweleza yote haya tukirudi kutoka Kibaoni, malori ya saruji yakitupita na vumbi lake. Alikuwa ameshika neno moja tu: Kondoo. Alitaka kuwa na hakika. Tulipofika barazani akampigia mama yake, akaweka sauti kubwa.

"Mama, shikamoo. Eti mimi nilizaliwa saa nne usiku kamili, au na dakika ngapi?"

"Marahaba. Dakika? Umeme ulikuwa umekatika mwanangu, nesi ana taa ya chemli. Nani alikuwa anaangalia saa?"

"Si huwa unasema saa nne?"

"Saa nne ndiyo aliyofika baba yako. Akakuta umeshaogeshwa, umelala."

Binti akanitazama. Nikachukua kalamu. Siku ile ya Agosti, kabla ya saa tatu usiku kasoro dakika chache, aliyekuwa anachomoza ni Samaki; Kondoo alikuja baadaye. Kuzaa, kukata kitovu, kuogesha, kulaza, na mtoto asinzie, inaweza kuwa nusu saa, inaweza kuwa saa mbili.

"Kwa hiyo mjomba, mimi ni Kondoo au Samaki?"

Nikamwambia kwanza amuulize baba yake usiku ule alipanda daladala ya saa ngapi, na kama foleni ilikuwepo.